Alama katika Bunduki za Vita Vikuu: Jinsi ya Kuzisoma na Kuzihifadhi

Bunduki zilizobaki baada ya vita viwili vikuu vya dunia zimepata wakusanyaji katika nchi nyingi. Wako wazipendao kwa ufundi wa mtambo wake, na wako wazitakao kwa ukumbusho wa jamaa zao waliozichukua vitani. Mbali na mapenzi hayo, bunduki ya namna hii ni hati ya historia, yenye maandishi yaliyopigwa kwa muhuri wa chuma. Asiyejua kuyasoma aweza kuyafuta huku akidhani kwamba anaisafisha.

Majina ya bunduki katika Kiswahili yafuata maendeleo ya mtambo wake. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Gumegume ilitoa cheche kwa jiwe. Gobori la fataki lilishindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Ndipo ikaja bunduki ya viasi, itiwayo kwa nyuma, ambayo risasi, baruti na fataki zake zimo pamoja katika ganda moja. Bunduki za komeo ni za jamii hiyo ya mwisho. Zina kipande cha chuma mfano wa komeo la mlango: askari hulivuta nyuma kwa mkono ili kulitoa ganda tupu, akalisukuma mbele kuingiza kiasi kingine, kisha akalifunga kwa kulilaza.

Baada ya 1945 majeshi yalibaki na mamilioni ya bunduki hizo, na wakati huo yalikuwa yakipokea silaha mpya zijipakiazo zenyewe. Za zamani zikauzwa kwa bei ndogo. Katika Marekani mtu aliweza hata kuiagiza moja kwa posta. Mwaka 1963, baada ya Rais John F. Kennedy kuuawa mjini Dallas, ilionekana katika jengo mojawapo bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano, iliyotengenezwa Terni mwaka 1940. Namba yake, C2766, iliwafikisha wapelelezi upesi kwenye duka la Chicago lililoiuza kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake. Sheria ya 1968 ilikomesha biashara ya namna hiyo kwa posta kati ya jimbo na jimbo. Basi herufi moja na tarakimu nne, zilizopigwa katika chuma wakati wa vita, zilitoa ushahidi baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi. Mfano mzuri ni Karabiner 98k, iliyokubaliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1935 na kuendelea kutengenezwa mpaka 1945. Mahali mtutu unapoungana na mtambo, juu, pamepigwa ishara ya kiwanda na mwaka. Majina ya viwanda yalifichwa kwa tarakimu au herufi ili adui asijue kazi ya kila kimoja. Herufi byf, kwa mfano, ni za kiwanda cha Mauser cha Oberndorf. Ubavuni ipo namba ya bunduki, na pengine chini yake herufi moja ndogo. Wengi huiacha herufi hiyo wanaponakili, nayo ndiyo yenye maana kubwa. Hesabu ya namba ilianza upya kila mwaka katika kila kiwanda, na ilipofika kiasi cha elfu kumi ilirudia mwanzo kwa kuongezewa herufi. Kwa hiyo namba 4521 yaweza kuwa ya bunduki nyingi. Ikiandikwa pamoja na kiwanda, mwaka na herufi yake, hapo bunduki yenyewe yajulikana.

Sehemu ndogo za mtambo nazo zilipigwa namba ile ile, au tarakimu zake za mwisho. Mkusanyaji hufurahi akizikuta zinalingana, lakini zisipolingana hana sababu ya kuidharau bunduki. Nyingi zilizotekwa na jeshi la Urusi ya Kisovieti zilifunguliwa, sehemu zake zikachanganywa, zikatiwa rangi upya na kuandikwa namba nyingine. Nyingine zilifika Israeli, zikapigwa nyota ya Daudi, na baadaye baadhi zikabadilishwa zipokee kiasi cha milimita 7.62. Mtu abadilishaye sehemu hizo ili namba zipate kulingana aifuta safari yote ya silaha ile.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake, tena mgumu kuliko huo. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi ambayo sasa ni Tanzania bara walikuwa na bunduki za Mauser za namna ya 1871: za komeo, lakini za kiasi kimoja kimoja, zenye baruti ya moshi uliomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Silaha mpya zililetwa na meli mbili zilizopenya kizuizi cha Waingereza: Rubens, iliyofika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga mwaka 1915, na Marie, iliyofika Sudi karibu na Lindi mwaka 1916. Mnamo Novemba 1917 jeshi hilo, likiongozwa na von Lettow-Vorbeck, lilivuka Ruvuma, likawashinda Wareno huko Ngomano na kuchukua silaha zao. Lilipojisalimisha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Bunduki yenyewe ya Kireno yahitaji kusomwa kwa makini. Ile iitwayo Mauser-Vergueiro, ya namna ya 1904 na ya milimita 6.5, ilitengenezwa Berlin, na jina la kiwanda hicho cha Kijerumani limepigwa juu yake. Karibu yake ipo taji na herufi ya Mfalme Carlos wa Kwanza, ingawa Ureno iliacha ufalme mwaka 1910. Nyingine za aina hiyo zilinunuliwa na Afrika ya Kusini wakati wa vita vile vile, zikatiwa alama ya mshale ndani ya herufi U. Atazamaye jina la Berlin tu atasema ni ya Wajerumani. Atazamaye taji tu atasema ni ya Wareno. Na huenda aliyeichukua mwisho alikuwa askari Mnyamwezi au Mmanyema.

Kwa sababu hiyo maelezo ya bunduki hayana budi kutenga mambo manne: nani aliitengeneza, jeshi gani liliinunua, nani aliichukua, na ilipatikana wapi. Kila alama inakiliwe kama ilivyo, pamoja na mahali ilipo, hata isipofahamika. Ipigwe picha kabla ya kuguswa. Na urefu wa mtutu na upana wa tundu lake vipimwe. Masimulizi ya mwenye nyumba yaandikwe mbali, kwa jina la msimulizi na tarehe, yasichanganywe na yale yasomwayo katika chuma. Kutu ipanguswe kwa mafuta na kitambaa laini. Msasa, tupa na rangi mpya ni adui, na tako la mti lisisuguliwe, kwa kuwa mikwaruzo na herufi zilizochongwa kwa kisu zaweza kuwa za askari mwenyewe.

Bunduki ya kale yaweza kuwa na kiasi ndani mpaka leo, na sheria ya silaha yaweza kuihusu hata ikiwa ya kale. Aionaye darini au shambani asiifungue. Na apashe polisi habari, akiomba watu wa makumbusho waitwe kuitazama kabla haijaharibiwa. Askari wengi wa vita vile, na wapagazi waliobeba viasi vyao, hawakuacha barua wala vitabu. Namba iliyo ubavuni mwa mtambo na herufi iliyochongwa katika tako pengine ndiyo maandishi pekee yaliyobaki ya safari zao.