Mkono Katika Chumba cha Usukani

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Msemo huo hunijia kila nitazamapo picha ya Jeanne Gougy, meli ya uvuvi ya Dieppe, Ufaransa, iliyopanda mwamba huko Land's End, katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, tarehe 3 Novemba 1962.

Chombo kimelala ubavu chini ya majabali, na mawimbi yanakipanda. Nasi watu wa pwani, tuliokulia katika habari za mitepe na majahazi, hatuhitaji kufasiriwa picha ya namna hiyo. Utaitupia jicho mara moja, msomaji wangu, na utasema: hapa hapana aliyesalia.

Hata waliokuwapo siku ile walidhani hivyo. Meli ilikwama kabla ya mapambazuko, na mabaharia 18 ndani yake. Mashua ya waokoaji wa Sennen Cove ilifika, lakini kwa ukali wa bahari haikuweza kuikaribia. Saa zikapita. Waliosimama juu ya majabali wakaona kuwa kazi iliyosalia ni ya kutafuta maiti.

Maji yalipoanza kupwa, mkono ukaonekana katika chumba cha usukani. Kumbe mle mlikuwa na watu hai, wakivuta hewa iliyonaswa ndani! Kamba zikarushwa, watu wakavutwa mmoja mmoja hadi juu. Eric Smith, askari wa jeshi la anga la Uingereza, akateremshwa kwa helikopta mpaka chomboni akawatoa wengine; baadaye alitunukiwa Nishani ya George kwa ushujaa wake. Waliookoka walikuwa 6. Bahari iliwachukua 12.

Kwa hiyo naiogopa picha hii, nami naipenda. Kamera imeshika chuma na povu. Pumzi za waliomo ndani haikuzishika. Na sisi huku, chombo kikichelewa kurudi, hawakosekani wa kusema pale ufukoni, "Hao wamekwisha." Neno hilo ni jepesi kwa msemaji, ila kwa mke na mama wa mvuvi ni kisu.

Basi na tutafute kwanza, tungoje maji yapwe, tutazame tena. Matanga hayakosi siku yake.