GISENYI: NANI ANAANDIKWA KWENYE JIWE?

Ndugu wafanyakazi, mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, uko kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Umekaribiana na Goma hata watu huvuka mpaka kwa miguu kwenda sokoni na kurudi. Wageni huja kupumzika ufukoni, lakini mji huu umepitiwa na vita vingi, na mzigo wake mkubwa umebebwa na watu wa kawaida.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa Gisenyi na Wabelgiji walikuwa ng'ambo ya pili, Kongo. Septemba mwaka huo Wajerumani waliteka kisiwa cha Ijwi. Mei 1916 Wabelgiji walisonga mbele wakaichukua Rwanda, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Vitabu vinamtaja Jenerali Tombeur wa upande mmoja na Kapteni Wintgens wa upande wa pili. Lakini risasi, mahema na chakula cha wakubwa hao havikutembea vyenyewe. Reli haikuwepo wala barabara za magari. Mzigo ulikwenda kichwani mwa mpagazi.

Jeshi la Wabelgiji peke yake lilitumia wapagazi wapatao 260,000. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, na wengi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Huku nyumbani mashamba yalikosa mikono, na majeshi yakala akiba ya wakulima. Ndipo ikaja njaa ya Rumanura, iliyoua watu wengi kaskazini-magharibi mwa Rwanda.

Je, hao wamejengewa nini? Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inamwonyesha askari na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mpagazi yumo, ila hana jina. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Maelfu ya watu wamebakiwa na jina la mtaa tu.

Gisenyi yenyewe inatufundisha njia nyingine. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu wengi waliuawa na kutupwa mashimoni karibu na makaburi ya mji, mahali palipoitwa Commune Rouge, yaani Komini Nyekundu. Leo hapo ni mahali pa ukumbusho. Walionusurika hukusanyika kila mwaka kuwakumbuka jamaa zao, kila mmoja kama mtu mwenye jina na ukoo.

Wafanyakazi nao wana wafu wao. Januari 1998, wakati wa mashambulizi ya waasi, basi lililowabeba wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Bralirwa lilishambuliwa, na zaidi ya 30 wakauawa. Walikuwa safarini kwa ajili ya kazi.

Basi kila tawi la chama lifungue daftari la wafanyakazi waliokufa kazini au vitani. Liandike jina, kazi, kijiji na mwaka. Wazee waulizwe sasa, wangali hai. Serikali hujenga sanamu inapopata fedha, lakini daftari na kalamu tunazo tayari.