Kanisa dogo la ushago: Ukikosa Jumapili mbili, mtu anabisha hodi

UNAKUMBUKA Desemba ulipoenda ushago? Mama alikuamsha mapema, ukavaa raba zako nyeupe ukijua zitarudi na matope, mkaingia lile kanisa la mabati ulikobatiziwa. Watu hamsini hivi. Skrini hakuna. Spika moja inakoroma, kwa hivyo ngoma na kayamba ndizo bendi. Kabla hujaketi, nyanya wa benchi la mbele amegeuka, amekutazama, na amekutaja jina lako lote mpaka la babu yako.

Sasa jiulize. Hilo kanisa kubwa unaloenda huku mjini, lenye ibada tatu kila Jumapili na vijana wa kuelekeza magari, nani anakujua kwa jina? Ukipotea mwezi mzima, nani atakutafuta?

Hapo ndipo siri ya kanisa dogo ilipo. Halina pesa na mara nyingi halina hata mchungaji wake pekee, lakini linajua watu wake. Ukikosa Jumapili mbili, mtu atabisha hodi kwenu. Kama unaumwa, kuni zitaletwa na uji utapikwa. Kama umekasirika, utaulizwa ni nani amekukosea.

Wakatoliki waliliona hili zamani. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka wa 1976, walikazia mpango wa kulijenga kanisa kupitia jumuiya ndogo ndogo: familia chache za jirani zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao, kusoma Injili, kisha kuulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa karo. Hadi leo, ukitaka kujua kama kigango kina uhai, usihesabu magari yaliyoegeshwa nje. Uliza kama jumuiya zake bado zinakutana.

Kila mtu ana kazi

Padri wa parokia moja huwa na vigango vingi, na kigango cha mbali kinaweza kumwona mara moja tu kwa mwezi. Jumapili zinazobaki, ni katekista anayeongoza ibada. Kwa Waanglikana mambo si tofauti sana: kasisi mmoja, makanisa kadhaa, na waumini wa kawaida waliofunzwa kuongoza maombi na kusoma Neno.

Waweza kudhani huo ni udhaifu. Lakini angalia matokeo yake. Kwa kuwa mkubwa hayupo, lazima mtu apige kengele, mwingine afundishe watoto, mwingine ashike ufunguo na mwingine aanzishe wimbo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotoka Rwanda ukafika Kenya miaka ya 1930, ulienea kijiji hadi kijiji hasa kwa namna hii. Waumini wa kawaida walikutana, wakatubu hadharani, wakashuhudiana. Hawakungoja mtu mwenye kola.

Pesa nazo?

Kama umewahi kuona mnada baada ya ibada, unajua jinsi kanisa dogo linavyochanga. Mkungu wa ndizi unanunuliwa, aliyenunua anaurudisha mezani, unauzwa tena, na mwisho unapelekewa mjane fulani. Kuku mmoja anaweza kununuliwa mara tatu na bado akarudi nyumbani akiwa hai! Vicheko tele, na kila mtu ametoa kitu, hata kama ni mayai mawili.

Linganisha na ile siku mheshimiwa anapokuja na bahasha. Paa linaisha kwa wiki moja, kweli, lakini kipaza sauti kinakuwa chake. Ndiyo maana mwaka wa 2021, kule Butere, Askofu Mkuu wa ACK, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubu kanisani. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi nalo likakataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa la Soweto na kuagiza pesa zirudishwe. Ninyi vijana ndio mlikuwa mmepiga kelele mwaka huo wote, na mlisikika.

Kinachoua

Kwa hivyo kanisa dogo haliuawi na umaskini. Linauawa na wazee wanaokalia kila kiti. Mwenyekiti ni yule yule tangu uko darasa la pili, mweka hazina ni shemeji yake, hesabu hazisomwi, na vijana kazi yao ni kupanga viti na kubeba maji siku ya harusi. Wakimaliza shule wanapanda matatu kuja Nairobi, Nakuru au Mombasa, na benchi lao linabaki wazi. Wale wasioondoka nao wanahamia stejini kwa wenzao wa bodaboda. Stejini angalau wana chama, wanachanga, na wanasikilizwa.

Pale ambapo kijana amepewa daftari la hesabu na nafasi ya kupinga jambo kikaoni, utamkuta Jumapili ijayo. Mtu haachi kwa urahisi kitu alichokabidhiwa.

Na wewe je? Najua uko kwenye lile grupu la WhatsApp la ujenzi, na kila mwisho wa mwezi unatuma chochote kwa M-Pesa kisha unajiona umemaliza. Tuma, ni vizuri. Lakini ukuta wa mawe bila watu ni stoo tu. Uliza na maswali mengine: Hesabu zilisomwa lini? Kwenye kamati kuna mtu chini ya miaka 30? Nani anafundisha watoto? Na ukienda Desemba, usikubali kuketishwa mbele kama mgeni wa heshima. Keti na wale vijana wa nyuma. Kama unajua kinanda, wafundishe hata nyimbo mbili. Wazee wakiitisha kikao, baki, na uwasemee kwa adabu.

Jumapili hii, huku ukiwa umelala au umekwama kwenye foleni ya kuegesha gari, nyanya yule atageuka atazame mahali pako. Ataona pako wazi, na atauliza.