Haki ya Kura Iandikwe Wazi

Katiba ya Marekani haina ibara inayotamka kwamba kila raia aliye mtu mzima ana haki ya kupiga kura. Walioitunga mwaka 1787 waliyaachia majimbo yaamue nani apige kura, na mengi yalitoa nafasi hiyo kwa wanaume weupe wenye mali.

Tangu hapo nyufa zimezibwa moja moja. Marekebisho ya 15 ya mwaka 1870 yalikataza raia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Ya 19 ya mwaka 1920, kwa sababu ya jinsia. Ya 24 ya mwaka 1964, kwa kutolipa kodi, katika uchaguzi wa viongozi wa taifa. Ya 26 ya mwaka 1971, kwa sababu ya umri, akishatimiza miaka 18. Yote manne yanataja sababu ambazo serikali haiwezi kuzitumia kumnyima raia kura. Hakuna hata moja linalompa kura yenyewe, na anayetaka kumzuia hutafuta sababu nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa Kusini. Katiba ya jimbo la Mississippi ya mwaka 1890 haikutaja rangi. Ilidai kodi, na ikamtaka mpiga kura asome kifungu cha katiba au akieleze akisomewa. Msajili ndiye aliyeamua nani amefaulu, na raia Weusi wakaondolewa kwenye daftari la wapiga kura kwa miongo mingi, hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965.

Lakini sheria ya Bunge hudhoofika. Mwaka 2013, katika kesi ya Shelby County, Mahakama ya Juu ilifuta kigezo cha sheria hiyo ya 1965 kilichobainisha maeneo yaliyopaswa kupata idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili kanuni zao za uchaguzi. Ni kweli kwamba mahakama hiyohiyo imewahi kuitetea kura kwa kifungu cha usawa mbele ya sheria, na mwaka 1966 ilifuta kodi iliyodaiwa wapiga kura katika chaguzi za majimbo pia. Hata hivyo, ulinzi unaotegemea tafsiri hubadilika majaji wanapobadilika. Katika kesi ya Bush na Gore mwaka 2000, ilieleza kwamba raia hana haki ya kikatiba ya kuwapigia kura wajumbe wanaomchagua rais, mpaka bunge la jimbo lake liamue kutumia njia hiyo.

Tazama suala la waliofungwa. Mwaka 1974 mahakama hiyo iliruhusu majimbo kuwanyima kura hata waliokwisha kumaliza vifungo vyao. Katiba ya Tanzania, kwa upande wake, inatamka katika ibara ya 5 kwamba raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura, na inataja mambo ambayo Bunge linaweza kuyawekea masharti. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilipima kwa ibara hiyo kifungu kilichowanyima kura waliohukumiwa kifungo cha zaidi ya miezi 6, ikaona kinakwenda kinyume cha Katiba. Haki ikiandikwa, raia ana pa kushika anaposimama mahakamani, na serikali ndiyo inayopaswa kueleza kwa nini imemzuia.

Hilo ndilo walilolitaka wabunge wa Marekani Mark Pocan na Keith Ellison mwaka 2013 walipopendekeza marekebisho ya kutamka kura kuwa haki ya msingi ya kila raia aliyefikia umri. Njia ni ngumu: thuluthi mbili za kila baraza la Bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50. Lakini Marekebisho ya 26 yaliridhiwa kwa muda usiozidi miezi minne, kwa kuwa wananchi walikataa vijana wa miaka 18 wapelekwe vitani Vietnam ilhali hawana sauti katika kuwachagua wanaowatuma. Wakidai kwa nguvu ileile haki ya raia wote, majimbo 38 yatapatikana. Kura inayompa mtawala uhalali wake haifai kubaki kitu anachoweza kukitoa au kukizuia.