Taa Mbili za Kulinda Watoto wa Kuku

Ninyi vijana mnaopenda kufungua radio ya baba bila ruhusa, leo tutafanya kazi ya mikono. Lakini kwanza niwaeleze sababu yake.

Mwaka fulani, mwezi wa sita, mke wangu alinunua watoto wa kuku 50. Feza ilitoka katika likelemba ya wamama, na kuku wale ndio walipaswa kulipa minervali ya watoto wetu wawili. Mnajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku Katanga: mchana jua kali, usiku ukipumua mvuke unatoka kinywani. Tuliweka ampule moja juu ya kartoni, tukalala. Katikati ya usiku umeme ukakatika. Alfajiri mke wangu akaniita: «Baba, amuka. Tutoto twa kuku tunakufa.» Walikuwa wamelaliana katika pembe moja, wa chini walikosa pumzi, wa juu waliuawa na baridi. Tulihesabu 31. Mke wangu hakulia. Alikaa tu pale, kartoni mapajani.

Mimi nilikuwa nimelala mita tatu kutoka fasi ile. Hakuna kitu kilichoniamsha.

Kiisha nikaenda kwa fundi wa radio, mzee mmoja jirani yetu, tukatengeneza kidude kidogo. Kina taa nyekundu inayosema «baridi», taa ya manjano inayosema «moto umezidi», na kengele ndogo. Kinatumia betri 4 za radio, si umeme wa nyumba. Ni lazima iwe hivyo, sababu hatari inakuja wakati ule ule umeme unapokwenda.

Siri yote iko katika kitu kidogo kama punje ya maharagi, jina lake termistansi. Omba ile ya NTC, kilo-om 10. Inazuia umeme kupita, lakini ikipata joto inazuia kidogo, ikipata baridi inazuia sana. Kwenye digri 25 ina om 10.000; kwenye 35 inashuka karibu 6.500, kwenye 20 inapanda karibu 12.500. Kabla ya kulipa, umwombe muuzaji aipime na multimeta, kiisha uishike kwa vidole. Hesabu ikishuka, ni nzuri. Isipoguswa na joto la mkono wako, umrudishie.

Kitu cha pili ni sirkiti ndogo ya miguu 8, imeandikwa LM393. Kazi yake ni kulinganisha: inatazama nguvu mbili za umeme na kusema ipi ni kubwa. Ndani yake kuko walinganishaji wawili, ndiyo maana tunapata taa mbili. Tena tafuta potensiometa 2 za kilo-om 10 (kile kifungo cha sauti katika radio iliyokufa kinaweza kusaidia), rezistansi 1 ya kilo-om 10 (rangi: kahawia, nyeusi, chungwa), rezistansi 2 za kilo-om 2,2 (nyekundu, nyekundu, nyekundu), taa 2 za LED, na kengele ndogo ya volti 6 inayolia yenyewe ikipewa betri. Chagua ile inayokula umeme kidogo.

Sasa kuunganisha. Weka sirkiti mbele yako, alama ya kukatwa ikiwa juu. Mguu wa 1 uko juu kushoto. Hesabu ukishuka mpaka 4, kiisha pandia upande wa kuume: 5 chini, 8 juu. Mguu wa 8 unakwenda kwa plus, wa 4 kwa minus. Rezistansi ya kilo-om 10 inatoka plus, inakutana na termistansi, na termistansi inamalizikia kwa minus. Pale zinapokutana, vuta waya mpaka mguu wa 2 na wa 5 pamoja. Kila potensiometa ina miguu mitatu: wa pembeni mmoja kwa plus, mwingine kwa minus. Mguu wa katikati wa potensiometa ya kwanza uende kwa 3, wa potensiometa ya pili kwa 6.

Taa nyekundu: mguu mrefu kwa plus, mfupi upitie rezistansi ya 2,2 mpaka mguu wa 1 wa sirkiti. Kengele nayo, plus yake kwa plus, minus yake kwa mguu wa 1. Taa ya manjano ifanywe vile vile, lakini kwa mguu wa 7. Ni yote.

Mtoto wangu aliuliza: «Papa, betri ikichoka, si kitu itadanganya?» Swali zuri. Haitadanganya upesi, sababu termistansi na potensiometa zinakula betri ile ile. Nguvu ikishuka, inashuka kwa pande zote mbili, na mlinganisho unabaki. Taa ndizo zitafifia, na hapo utajua kubadilisha.

Kupima ndiko wengi wanaharibu. Tia termistansi ndani ya mrija wa bic, ziba kwa nta ya mshumaa ili maji yasiguse miguu yake. Azima termometa ya mwalimu wa fizika. Ile ya dispanseri usiitumie: inaanza kwenye 35, na ukiitia katika maji ya moto inapasuka, zebaki inamwagika. Changanya maji mpaka digri 32, tia mrija, ngoja dakika tatu, zungusha potensiometa ya kwanza mpaka nyekundu iwe karibu kuzimika. Ongeza maji ya moto mpaka 35, zungusha ya pili mpaka manjano iwe karibu kuwaka. Hiyo ni kwa juma la kwanza. Kila juma utashusha karibu digri 3, kwa maana manyoya yanaota.

Mrija uuweke kwenye kimo cha mgongo wa kuku, si chini kabisa ya ampule. Na macho yako yasistaafu: wakilaliana, ni baridi, wakikimbia pembeni midomo wazi, ni moto.

Neno moja kwa wazazi. Kengele ikilia, usiingize mbabula ya makala katika chumba kilichofungwa, hata kama ni dakika kidogo. Moshi wake usioonekana unaua watu na kuku pamoja, na kidude hiki hakiusikii hata kidogo. Sisi tunajaza bidoni maji ya moto, tunaifunga kitambaa, tunaiweka katikati ya kartoni.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, kengele ililia saa tisa ya usiku. Mtoto wetu mkubwa ndiye aliamka kwanza, akawasha mbabula kule inje, akachemsha maji. Asubuhi mke wangu alihesabu mara mbili. Walikuwa 48, na wale wawili waliokosekana walikufa na kuhara juma lililotangulia.