Makumbusho Hai na Watu wa Mlima Elgon

Wageni wanaopanda kuja Cheptais, aghalabu wakiwa wamekwisha kupitia makumbusho ya Kitale, huuliza swali moja lililowachosha wenyeji: je, ni kweli kwamba Wasabaoti walikuwa watu wa mapangoni? Dhana hii ina asili yake, kwani tangu msafiri Joseph Thomson alipoyazuru mapango ya Mlima Elgon mwaka 1883 na kuwahadithia Wazungu wenzake habari za watu walioishi humo pamoja na mifugo yao, ajinabi hawatutazami ila kupitia mlango wa pango, wala hawasiti kidogo wakatafakari kwamba pango lilikuwa ngome ya kuingizia watoto na ng'ombe wakati wa uvamizi, na kwamba udongo wake wa chumvi, ambao ndovu wanauchimbua hata leo katika pango la Kitum, ulikuwa neema kwa mifugo.

Wapo waliochagua wenyewe jinsi ya kutazamwa na wageni: kule Namibia, mahali paitwapo Grashoek, Wasan wa kaumu ya Ju/'hoansi wana makumbusho hai tangu mwaka 2004, ambamo mgeni huonyeshwa jinsi ya kupekecha moto kwa vijiti na kutega ndege, kisha waonyeshaji huvua ngozi, wakavaa mashati yao na kwenda zao nyumbani. Wapo wanaolidhihaki jambo hilo. Mimi silidhihaki, maana kiingilio huwafikia wenyewe na vijana hupata ilimu ya wazee wao. Lakini tukijenga mfano wake hapa Cheptais, tutaonyesha nini?

Chukua mathalan kumpa mtoto jina. Zamani, mtoto alipozaliwa, akina nyanya na shangazi walimkusanyikia, wakayataja majina ya wahenga wa ukoo, moja baada ya jingine, bila haraka, huku wakimnusisha ugoro kidogo. Na jina lililokuwa midomoni mwao mtoto alipopiga chafya ndilo lililokuwa lake, kwa kuwa marehemu yule ameridhia kurejea kwa watu wake. Nani atakayekata tiketi ili aitazame chafya? Na ni mtoto wa nani atakayenusishwa ugoro mara tatu kwa siku kwa ajili ya watalii? Siku hizi hata sisi wenyewe tumeiacha desturi hiyo: mtoto huzaliwa hospitalini, na jina lake limekwisha kuandikwa kabla nyanya hajafika kutoka mlimani.

Marika nayo hayaonyesheki uwanjani. Maina, Chumo, Sowe na Korongoro, ambayo kwa jirani zetu Wabukusu ni Bamaina, Bachuma, Basawa na Bakolongolo, huzunguka na kurudi baada ya takriban karne moja, nayo yanashuhudia undugu ambao fitina za ardhi zimejaribu kuukana. Wabukusu wenyewe husimulia kwamba Mango, alipokwisha kumwua joka aliyewasumbua watu, alihimizwa atahiriwe na Barwa, yaani sisi. Ama tohara ya wasichana, iliyoharimishwa na sheria ya mwaka 2011, na iende isirudi. Nao mursik, yaani maziwa yetu ya mgando, hauhitaji wakili: kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet hujisemea chenyewe.

Inayonisikitisha zaidi ni asali. Ndugu zetu Waogiek wa Chepkitale, huko juu ya msitu, waliishi kwa mizinga na mifugo, wakaandika sheria zao za jadi zinazokataza kuchoma makaa, na juu ya hayo yote nchi yao ikafanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000, wakageuka wahalifu kwao wenyewe. Hawa ndio ambao kesho ataletwa mtu kuwapiga picha mbele ya kibanda cha maonyesho! Basi wakubwa wa kaunti ya Bungoma, wakitaka kutujengea makumbusho hai, kwanza wawaachie wazee wa Chepkitale ardhi ya kutundikia mizinga yao, kisha funguo za lango na sanduku la kiingilio viwe mikononi mwa wazee hao.