Sifongo, Wajenzi wa Miamba ya Bahari za Kale
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi tope la baharini, kwa kurundikana tabaka juu ya tabaka katika dahari nyingi, linavyogandamana hata likawa jiwe, na jinsi mabaki ya viumbe yaliyofukiwa humo yanavyodumu yakaitwa visukuku. Baada ya maelezo yale, msomaji wa Musoma, wa Bunda au wa Butiama, ambaye tangu utoto wake ameyaona majabali yaliyosimama ufukoni mwa Ziwa Viktoria na yale ya Mwitongo huko Butiama, ana haki ya kuuliza kama humo namo hamna alama za wanyama wa baharini. Jawabu ni kwamba hamna, wala hapana haja ya kuzitafuta. Na sababu yake ndiyo mlango wa maneno yetu ya leo.

Mawe ya matale yaliyo mengi katika mkoa wetu, pamoja na mawe ya volkeno za kale ambayo katika mishipa yake watu wamechimba dhahabu huko Buhemba na Kiabakari, yana umri unaozidi miaka milioni 2,500. Na zama zile, katika dunia nzima, hapakuwa na samaki wala chaza wala konokono, ila viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Wanyama wa kwanza waliojenga miamba baharini walitokea takriban miaka milioni 525 iliyopita. Yaani walipoanza kazi yao, majabali ya Musoma yalikuwa yamekwisha kutimiza kiasi cha miaka milioni 2,000. Kwa hiyo mwenye kutafuta visukuku sharti aujue kwanza umri wa jiwe, kwa kuwa jiwe haliwezi kutoa ushahidi wa kiumbe ambaye hakuwa amezaliwa.

Mjenzi huyo wa kwanza alikuwa sifongo, mnyama ambaye wengi humdhania kuwa mmea, kwa kuwa hukaa mahali pamoja maisha yake yote, hana kichwa wala mdomo, hana moyo wala tumbo. Mwili wake umejaa vitundu. Maji huingia kwa vile vidogo, yakisukumwa na vijinywele visivyopumzika, chembe za chakula zikanaswa, kisha maji yakatoka kwa tundu kubwa lililo juu. Mwaka 1907 mtaalamu wa Kimarekani, H. V. Wilson, alimchukua sifongo aliye hai akamkamua ndani ya kitambaa chepesi mpaka akawa chembechembe zilizotawanyika majini. Nazo zikaanza kutambaa, zikakutana, zikashikamana, na baada ya muda wakapatikana tena sifongo wadogo walio hai. Wala msomaji asidhani kwamba viumbe hawa wako mbali naye, maana hata katika Ziwa Viktoria wamo sifongo wa maji baridi, wanaotanda juu ya mawe na miti iliyozama, ingawa hao hawajengi mwamba.

Sifongo wale wa kwanza kujenga miamba huitwa na maulamaa wa visukuku arkeosiathi. Umbo la wengi wao ni mfano wa vikombe viwili vya kahawa, kimoja kimetiwa ndani ya kingine bila kugusana, na katikati yake zimesimama kuta nyembamba zinazoviunganisha, zote zimetobolewa vitundu kwa mpango. Aghalabu urefu wake haukuzidi kiganja cha mtu. Ukilikata jiwe lenye visukuku hivyo, kisha ukalisugua hata likang'aa, utaona duara ndani ya duara, na mistari imetoka katika duara dogo kwenda kubwa. Mawe ya namna hiyo yameonekana Siberia, Australia ya kusini na, katika bara letu, nchini Moroko. Na hata Antaktika, msafara wa Ernest Shackleton wa miaka 1907 hadi 1909 uliyapata, ikawa dalili kwamba bara lile la barafu liliwahi kuwa na bahari ya vuguvugu.

Kwa muda mrefu maulamaa walikhitalifiana juu ya viumbe hawa, wengine wakinena kuwa ni marijani, wengine mimea ya baharini, na wengine jamii ya peke yake iliyokatika kizazi. Khitilafu ile ilipungua pale wazamiaji walipowakuta, katika pembe za giza za miamba ya Jamaika, sifongo walio hai wenye mifupa migumu ya chokaa, ambao habari zao ziliandikwa na wataalamu Hartman na Goreau mwaka 1970, ikadhihirika kwamba sifongo naye aweza kujenga mifupa kama ile.

Zama za kustawi kwa arkeosiathi hazikutimiza miaka milioni 20, wakatoweka karibu wote. Lakini kazi ya sifongo haikukoma. Jamii nyingine, stromatoporoidi, ilishirikiana na marijani wa kale kujenga miamba mikubwa. Kisha, kabla ya msiba wa miaka milioni 252 iliyopita ulioangamiza sehemu kubwa ya viumbe wa baharini, sifongo walikuwa wajenzi wakuu huko Tunisia na Texas. Baadaye, katika zama ziitwazo Jurasi, wakajenga tena, na miamba yao leo ni vilima vya Ujerumani ya kusini. Miamba ya sifongo wa kioo, yaani wenye mifupa ya mfano wa kioo, ilidhaniwa kuwa imekwisha kabisa, hata mwaka 1987 wataalamu wa Kanada walipoigundua iliyo hai katika kina cha bahari, magharibi mwa nchi yao.

Ni katika zama hizo hizo za Jurasi, Afrika na Bukini zilipoanza kuachana, bahari ilipoingia mashariki mwa nchi yetu. Na chokaa yake ndiyo iliyochimbwa na maji ikawa mapango ya Amboni, Tanga. Matumbawe yaliyojengewa nyumba za Unguja ni ya juzi tu, yakilinganishwa na chokaa hiyo.

Ibra ya habari hizi ni kwamba kila wajenzi walipoangamia, nafasi yao ilipata warithi kwa sababu bahari ilikuwa na viumbe wa aina nyingi. Lakini mirathi hiyo baada ya misiba mikubwa ilichukua mamilioni ya miaka, muda ambao mwanadamu hanao. Basi nawasihi walimu wa Musoma, Bunda na Butiama wakusanye jiwe la matale la kwao, wawaombe wenzao wa Tanga kipande cha chokaa na wa Unguja kipande cha tumbawe lililookotwa nchi kavu, wayapange mezani kwa umri wake, na wawafundishe watoto kuyasoma. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaeleza habari za marijani.